Maswali ya Wasomaji: Sodiamu Kaja na Nani?

Toleo lililopita niliitaja kostiki soda kwa mistari miwili hivi nikaendelea na mambo mengine, basi maswali yaliyoingia baada ya hapo ni mengi mpaka nimeamua mada nyingine zisubiri. Mwezi huu tuongee metali za alkali tu na chumvi zake, yaani lithiamu, sodiamu, potasiamu na ndugu zao rubidiamu na sesiamu. Maswali marefu nimeyafupisha, msinune.

Shikamoo mzee wa maabara. Nasoma kemia, mwalimu katuambia chumvi za metali za alkali hazina sumu kubwa. Lakini sianidi ya potasiamu si chumvi ya potasiamu? Tuamini lipi?

Marahaba mwanangu. Mwalimu hajakosea na we hujakosea, ila kuna kipande hakumalizia. Chukua kloridi ya potasiamu, ukiwapa panya kwa mdomo inatakiwa kama miligramu 2600 kwa kila kilo ya uzito ndo nusu yao wafe, hiyo ndo wanaiita LD50, na chumvi ya kawaida ya mezani ni kama 3000, kwahiyo hawajapishana sana. Sianidi ya potasiamu je? Chini ya 10. Na potasiamu ni ileile! Kilichobadilika ni aliyeongozana naye, manake chumvi ikishayeyuka kwenye maji hawa wawili wanaachana, kila mmoja na njia yake, potasiamu inaenda kujiunga na potasiamu nyingine ambayo mwili umejaa nayo tayari, sianidi inaenda kuzifanya seli zishindwe kutumia oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni. Ndo maana mtu akiniuliza sodiamu ni sumu au sio sumu namrudishia swali, kaja na nani? Akija na kloridi ni chumvi, akija na haidroksidi ni kostiki, akija na dikromati hapo una kromiamu ya kuogopwa kweli kweli.

Lithiamu peke yake ndo inaharibu kanuni hii kidogo, nitaifikia huko chini.

Ila usiondoke hapa ukadhani LD50 inamaliza kila kitu. Zile alama za kwenye chupa, fuvu la kichwa linawekwa pale ambapo kipimo cha mdomo ni miligramu 300 kwa kilo kushuka chini, kati ya 300 na 2000 unakuta alama ya mshangao tu. Sasa kostiki soda kwa kawaida haina fuvu. Ina ile picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na kipande cha chuma, vyote vinalika. Watu wakikosa kuona fuvu wanashusha pumzi, kumbe kitu hichohicho kinaweza kukupofusha kabla hujafika bombani.

Natengeneza sabuni. Kila nikimimina maji kwenye kostiki inafoka na kuruka, na sufuria yangu ya alumini imeanza kutoboka. Rafiki kaniambia niweke siki karibu nikiungua nijipake. Nakosea wapi?

Dada yangu (au kaka, hukusema), unakosea pote pawili na rafiki yako anakosea pa tatu, twende taratibu.

Kostiki ndo inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye kostiki. Liandike ukutani. Kostiki ikiyeyuka inatoa joto jingi sana, kwa hesabu yangu kilo moja inatoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita tatu za maji kuanzia baridi kabisa, sasa fikiria umemimina kikombe kimoja cha maji juu ya rundo la kostiki, joto lote hilo linaangukia kwenye maji kidogo, yanachemka papo hapo yanaruka nayo usoni kwako. Ukianza na maji mengi ya baridi, ukawa unaongeza kostiki kidogokidogo huku unakoroga, joto linapata pa kutawanyikia. Maji ya moto usitumie, hata ya vuguvugu usitumie, na ule mvuke wa mwanzo usiuinamie kuuangalia, una matone madogomadogo ya kostiki ndani yake, yanachoma koo.

Sufuria ya alumini itupe nje ya kazi hii. Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka, yaani hapo unapika sabuni na bomu kwenye jiko moja. Tumia ndoo ngumu ya plastiki inayostahimili moto wa maji yanayochemka, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Glasi wengi wanaipenda ila kostiki inaitafuna polepole, siku moja inapasuka bila taarifa.

Siki sasa. Usiweke siki kwenye kidonda cha kostiki. Najua kwenye karatasi asidi na alkali zinamalizana, lakini kumalizana kwenyewe kunatoa joto tena, na muda unaotumia kutafuta chupa ya siki ndo muda ambao kostiki inazama. Asidi nyingi zikichoma ngozi zinaigandisha, lile gando linazuia kidogo zisiende chini zaidi. Alkali hazina huruma hiyo, zinayeyusha mafuta na protini na kuendelea kushuka. Ule utelezi unaousikia ukigusa kostiki, kama umeshika sabuni, ni sabuni kweli, ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni, na maumivu mara nyingi yanachelewa kuja kwahiyo mtu anasema aah haijanichoma. Punje kavu zipukute kwanza, vua nguo iliyoloa, halafu maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini kwa uchache, usijaribu kukadiria kwa akili, angalia saa. Jichoni ni maji hayohayo, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole hata kama mtu anapiga kelele, nusu saa, na hospitali unaenda hata kama unaona vizuri.

Ukiniuliza kati ya glavu na miwani ya kinga ninunue kipi kwanza nitakwambia miwani. Ngozi ya mkono inaota tena. Vyote viwili ndo sahihi lakini nimeona watu wengi mno wana glavu nzuri na macho yako wazi.

Kitu kingine ambacho hamna aliyeniambia nikiwa kijana: punje ya kostiki iliyodondoka mezani inavuta unyevu wa hewani, baada ya muda haionekani tena kama punje, inaonekana kama tone la maji. Mimi niliegemeza kiwiko kwenye tone la namna hiyo nikaendelea kuandika daftari, nikaja kushtuka baadaye sana, alama ninayo mpaka leo. Tangu hapo tone lolote mezani nalichukulia ni la hatari mpaka nijue lilikotoka. Na kopo lifunikwe vizuri, sio kwa usalama tu, kostiki iliyoachwa wazi inavuta pia kabonidayoksaidi inageuka taratibu kuwa kaboneti, halafu unashangaa sabuni haishiki.

Mwisho kwako wewe, usije ukaweka maji ya kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Hata kwa dakika mbili. Hata kama umeandika juu. Mwanzoni mwa karne iliyopita huko Marekani alikuwepo daktari wa koo aliyeitwa Chevalier Jackson, alichoka kutibu watoto waliokunywa kostiki ya nyumbani, umio umeungua ukapona kwa kovu ukaziba mpaka mtoto hawezi kumeza hata maji, akawasumbua wanasiasa miaka na miaka mpaka mwaka 1927 ikapita sheria ya kulazimisha makopo ya vitu kama hivyo yaandikwe kwamba ni sumu. Kwahiyo lile neno sumu unaloliona kwenye kopo lina historia ya watoto wengi nyuma yake. Mtu akinywa usimtapishe, kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Asukutue mdomo, atoe nje, aende hospitali sasa hivi na kopo lenyewe mkononi.

Mwanangu amemeza kibetri bapa cha rimoti wiki iliyopita, hospitali walikitoa haraka haraka na kunigombeza kwa kuchelewa saa tatu. Yeye alikuwa anacheza tu. Ni lithiamu ndo ilivuja?

Pole sana mama, na nashukuru walikitoa. Hapana, lithiamu haikuhitaji kuvuja. Betri zile bapa kama sarafu, hasa za upana wa milimita 20 na volti 3, zikikwama kwenye umio zinagusana na majimaji ya mwili pande zote, umeme unapita, na upande wa hasi maji yanavunjwavunjwa yanatengeneza haidroksidi. Umeelewa nilipo? Ni moto uleule wa kostiki niliomwelezea fundi sabuni hapo juu, tofauti ni kwamba hapa unatengenezewa ndani ya koo la mtoto, na saa mbili tu zinatosha kuleta kidonda kikubwa. Ndo maana walikugombeza. Mtoto anaweza kucheza, anaweza kuwa anatoa mate tu au anakataa kula, huku chini kunaungua.

Wengine mnaosoma, mtoto akimeza au mkihisi amemeza: hospitali yenye eksirei, hapo hapo. Msimtapishe wala msimpe chakula. Kuna jambo moja linaruhusiwa njiani, asali, kama mtoto ameshapita mwaka mmoja na hazijapita saa 12 tangu ameze na anameza vizuri, vijiko viwili vidogo kila dakika kumi, mwisho mara sita, inafunika betri na kupunguza ile alkali. Asali sio tiba na msikae nyumbani kuitafuta. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Natumia vidonge vya lithiamu kwa ugonjwa wa hisia, naendelea vizuri. Nimesoma kwamba lithiamu ni sumu. Niache?

Usiache mwenyewe, ongea na daktari wako, hilo kwanza. Sasa nikueleze kwanini ulichosoma sio uongo.

Nilisema metali yenyewe mara nyingi sio tatizo, lithiamu ndo inayoniharibia. Kloridi ya lithiamu LD50 yake kwa panya ni kama miligramu 526 kwa kilo, kali mara tano au sita kuliko chumvi ya kawaida, na mwenzake ni kloridi ileile asiye na kosa. Mwili hauna kazi nayo maalum lakini figo zinaifananisha na sodiamu, na hapo ndo penye mtego wote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Marekani waliuza kloridi ya lithiamu kama chumvi mbadala kwa watu wa moyo walioambiwa wapunguze sodiamu. Watu walikuwa wananyunyizia kadri wapendavyo, wakaugua, wengine wakafa, mwaka 1949 ikaondolewa sokoni. Na cha kushangaza mwaka huohuo wa 1949 daktari John Cade kule Australia akachapisha kwamba lithiamu inatuliza wagonjwa wenye wazimu wa furaha kupita kiasi. Kitu kimoja, mwaka mmoja, huku kinaua huku kinaokoa! Tofauti ni kipimo na mtu wa kukiangalia.

Kwahiyo wewe usalama wako uko kwenye kupima damu. Madaktari wengi wanataka kiwango kiwe kama 0.6 mpaka 1.0 milimoli kwa lita, kikipita 1.5 sumu inaanza kujionyesha, na unaona mwenyewe hapo katikati nafasi ni nyembamba. Ukiharisha, ukitapika, ukitoka jasho jingi au ukiamua ghafla kuacha chumvi, figo zinaanza kubania sodiamu na zinabania lithiamu pamoja nayo, kiwango kinapanda bila wewe kuongeza kidonge hata kimoja. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinafanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za presha na za kukojoza. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu kuliko ulivyozoea, ukayumba, ulimi ukawa mzito, ukaharisha, usisubiri tarehe ya kliniki. Na asije mtu akakupa mkaa wa dawa akasema utanyonya sumu, mkaa haushiki lithiamu, hospitali wanaongeza maji mwilini na ikizidi wanasafisha damu kwa mashine.

Baba ana figo. Kaambiwa apunguze chumvi, dukani nimeona chumvi yenye sodiamu kidogo, nimnunulie?

Usimnunulie mpaka daktari wake aseme ndio. Soma pakiti, nyingi ya hizo sodiamu imetolewa ikawekwa kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima inaweza hata kumfaa. Kwa baba, figo ndo mlango wa kutolea potasiamu na mlango umeanza kuziba, na kama anameza pia spironolactone au zile dawa za presha zinazoishia na "pril", mlango unabanwa zaidi. Potasiamu karibu yote ya mwili, asilimia 98 hivi, inakaa ndani ya seli, ile ya kwenye damu inatakiwa icheze kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita tu, ikipanda sana moyo unapoteza mapigo yake na unaweza kusimama. Hii ndo sababu ileile inayofanya kloridi ya potasiamu nzito isichomwe kwenye mshipa moja kwa moja, ni lazima izimuliwe na iende polepole kwenye dripu. Shirika la Joint Commission linalokagua hospitali za Marekani lilipoanza kutoa tahadhari zake mwaka 1998, ya kwanza kabisa ilikuwa ya potasiamu. Kwahiyo pamoja na kaja na nani, uliza na kapitia mlango gani na kwa kasi gani.

Zamani tulifundishwa mtu akimeza sumu mpe maji ya chumvi nyingi atapike. Bado ni sahihi?

Sio sahihi, na imeshaua watu. Asipotapika ile chumvi inabaki, sodiamu kwenye damu inapanda ghafla, maji yanatoka kwenye seli za ubongo, ubongo unasinyaa. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu kama 17 za chumvi, na ukilinganisha, pakiti ya dawa ya kuharisha ya WHO ina gramu 2.6 tu za chumvi kwa lita nzima. Kwa mtoto mdogo kijiko kimoja ni balaa. Futeni hilo somo.

Nikichanganya blichi na dawa ya kusafishia choo nguvu si zinaongezeka?

Zinaongezeka nguvu za kukuua. Blichi ni haipokloriti ya sodiamu, ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia inatoa kloramini, zote zinashambulia mapafu. Ukishachanganya usikae kusuuza, toka nje kwanza.

Dada yangu ana kansa, kuna mtu mtandaoni anamuuzia kloridi ya sesiamu, anasema inafanya mwili uwe na alkali na kansa inakufa. Na je hiyo ndo sesiamu ya mionzi?

Hapana sio ya mionzi, na hapana asiitumie. Sesiamu inajifanya potasiamu, inaingia kwenye mifereji ya moyo ambayo potasiamu inapita na kuikorofisha, mapigo yanavurugika, mtu anaanguka. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2018 kuhusu hichohicho anachouziwa. Na ile habari ya kuifanya damu iwe alkali haipo, mapafu na figo zinalinda kiwango cha damu usiku na mchana, ukifanikiwa kukisogeza sana ujue unaumwa.

Ya mionzi ni sesiamu 137. Mwaka 1987 mji wa Goiânia, Brazil, watu waliokota mashine ya mionzi iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa, wakaivunja, ndani kukawa na unga wa kloridi ya sesiamu unaong'aa bluu gizani, wakagawiana kama pambo. Wanne walifariki na watu zaidi ya laki moja walipimwa. Hapo kilichoua ni mionzi, lakini angalia kilichousambaza: ilikuwa chumvi, inayeyuka kwenye maji, inashika kwenye mikono na nguo kama chumvi yoyote. Ingekuwa kipande kigumu kisichoyeyuka isingeenda nyumba kwa nyumba vile.

Mimi ni mwalimu. Kwenye stoo ya maabara nimekuta mtungi wa zamani wa potasiamu, mafuta yamekauka nusu, kipande kina gamba la njano linaloelekea chungwa. Nikwangue nitumie kilicho ndani? Na sodiamu tunazimia maji au mtungi wa gesi?

Mwalimu, weka kisu chini. Sodiamu ikikaa vibaya inatengeneza gamba ambalo kwa kawaida unalikata bila vita, potasiamu ni tabia nyingine, ikikaa na hewa inatengeneza superoksidi, ndo hiyo njano unayoiona, na ukikata kisu kikaisukuma superoksidi ndani ya metali safi au kwenye mafuta inaweza kulipuka mkononi. Usiufungue, usiutikise, usiuhamishe kwa kuburuta. Funga stoo, andika mlangoni, waite watu wa kemikali hatari wenye uzoefu wa kuharibu vitu hivyo, na usikubali mtu akuambie tuutupe mtoni.

Moto wa sodiamu au potasiamu hauzimwi kwa maji, maji ndo chakula chake. Mtungi wa kabonidayoksaidi nao haufai. Unatakiwa unga maalum wa moto wa metali, au mchanga mkavu kweli kweli, au, hii huwa nawafurahisha nayo wanafunzi, chumvi kavu ya mezani, baadhi ya mitungi ya moto wa metali ndo imejazwa hiyo, sodiamu inafunikwa na mwanaye. Lithiamu ikiwaka hata mchanga inapambana nao, tafuta unga wa grafaiti. Betri za lithiamu za simu ni habari tofauti kidogo, ndani mara nyingi sio metali tupu, maji mengi yanasaidia kuzipoza, hatari kubwa ni moshi wake wenye floridi ya haidrojeni, kaa mbali nao.

Na lile onyesho la kutupia sodiamu kwenye beseni, kipande kisizidi punje ya mtama, kinga ya uso iwepo katikati yako na wanafunzi, na wakishapiga makofi usimwage yale maji kwa mkono mtupu. Yaliyobaki beseni ni kostiki.